Hupaka maua rangi kutwa, hajawahi kumaliza picha moja

Kaluki Mbaluka anapaka petali moja rangi nyekundu kwa kalamu nene ya wino, anangoja ikauke, kisha anageuza karatasi. Mbele kuna ua la kupendeza, lakini yeye ana haja na nyuma. Nyuma kuna doa.

"Imepenya," anasema, na kuvua miwani.

Ni asubuhi katika kiwanda kidogo cha uchapishaji mtaani Kariobangi, Nairobi. Hapa huchapishwa vitabu vya kupaka rangi, na si vya chekechea. Ni vya watu wazima: maua, ndege na nakshi ambazo mtu hujaza rangi polepole ili atulize akili. Wanunuzi ni watu wa ofisini, vikundi vya wajane makanisani, hata wagonjwa hospitalini.

Kabla ya vitabu kuchapishwa, karatasi zenye michoro ya majaribio hupitia kwa Kaluki, mwenye umri wa miaka 47, azijaribu kwa kila aina ya rangi. Penseli za rangi hazina taabu, karibu kila karatasi huzipokea. Rangi ya maji huikunja karatasi nyepesi kama chapati iliyosahauliwa juani. Mkorofi hasa ni kalamu ya wino, ambayo huchungulia upande wa pili na kuharibu picha iliyo huko.

"Watu wanasema hivi vitabu vinapumzisha," anasema. "Mimi vimenichosha mpaka mifupa. Miaka sita napaka kona tu. Sijawahi kumaliza picha hata moja."

Vidole vyake vilianza kazi mapema. Babake alichonga vinyago kule Wamunyu, na Kaluki ndiye aliyevipiga msasa. Mpaka leo hupapasa karatasi kwa kidole gumba kabla ya kushika kalamu.

Kona angezivumilia. Asichokizoea ni lango.

Nje ya lango la kiwanda wameketi akina mama, vibarua wa kukunja na kushona vitabu. Karatasi ikifaulu, wanaingia kazini. Ikikataliwa, wanarudi nyumbani mikono mitupu. Mmoja wao ni Triza Nafula, jirani wa Kaluki mlango kwa mlango, anayelea watoto watatu peke yake. Hulipwa Sh600 siku yenye kazi, na wiki hii hajaingia hata siku moja.

Msimamizi, Patrobas Kweyu, anasimama mlangoni. Muuzaji ameleta karatasi nyepesi kuliko iliyoagizwa.

"Mathe, unaonaje? Wamama wako nje wanangoja."

"Najua wanangoja, Kweyu. Nimewapita nikiingia."

Anachomoa karatasi nyingine katikati ya rundo, kisha ya chini kabisa, na kuzipaka wino. Doa ni lile lile. Akisema imefaulu, leo hakuna atakayejua. Watakaojua ni wajane, watakapofungua ukurasa wa pili na kuukuta umechafuka kabla hawajaugusa.

"Irudishwe," anasema hatimaye.

Kutoka kupitia lango lile ni adhabu. Hakuna anayemtukana. Triza anajifunga leso na kuinuka.

"Hata leo hakuna, Mama Kavinya?"

"Hakuna, dada. Karatasi ni mbaya."

"Haya."

Kaluki anasema afadhali angetukanwa.

Jioni, nyumbani kwake, anapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mwingi kuliko familia yake inavyohitaji, na kumtuma bintiye Kavinya apeleke sufuria nzima mlango wa pili. "Si kwamba namlipa," anasema. "Ni chakula tu. Watoto wake wanakula kwangu, wangu wanakula kwake."

Ndoto yake? Anacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Kutoka kabatini anatoa ukurasa mmoja wa karatasi nzito, masalio ya mzigo mzuri wa mwaka jana. Umechorwa ndege mwenye mkia mrefu. Anataka kumpaka ndege huyu kuanzia mdomo hadi ncha ya mkia, siku ambayo hakuna mtu anayemngoja langoni. Siku hiyo haijafika, na ndege bado ni mweupe.

Hodi inapigwa. Ni Triza, ameleta sufuria. Imeoshwa, na ndani kuna fungu la kunde, maana sufuria ya jirani hairudi tupu. Anaona penseli mezani, anamtazama yule ndege, kisha anavuta kigoda na kuketi.

"Anza basi," anasema.

Kaluki anapaka unyoya mmoja kijani. Kwa mazoea, mkono wake unakwenda kwenye ncha ya karatasi ili kuigeuza. Triza anaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Usiangalie nyuma, Mama Kavinya. Paka tu."