Kimea cha Kununua

Baba alipanda mtama wake wa mwisho akiwa bado na nguvu, lakini iliyouvuna ni mikono yetu. Ulijaa gunia moja. Mama aliuweka chumbani kwake na kusema hautauzwa wala kusagwa; utangoja siku ya kumaliza matanga, wageni wanywe pombe iliyotoka kwenye shamba la mwenyewe.

Mimi ni muuguzi Biharamulo. Kwa ajili ya shughuli hiyo niliomba ruhusa ya wiki mbili, nikaja nyumbani Nyamiaga. Mama alikuwa mpishi wa pombe ya mtama aliyeitwa mpaka vijiji vya jirani, ila vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa, haviwezi tena kukamua wala kukoroga. Akawa anakaa kwenye kigoda na kuniagiza. Nililoweka nusu gunia ili liote liwe kimea, nikalichuja, nikalifunika kwa majani ya mgomba na kulikandamiza kwa mawe. Siku ya tatu mtama ulikuwa umetoa vimizizi vyeupe, umeshikana kama mkeka. Mama alitafuna punje mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Umeanza utamu. Sasa anika."

Mvua ikaanza siku hiyo hiyo. Nilianika ndani, juu ya mikeka, nikawasha moto jikoni, nikageuza na kugeuza tena. Haikusaidia. Siku ya nne ya kuanika nilipochota kiganja nikaona kijani kimetanda, na harufu yake ilikuwa ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

"Nitachambua," nilimwambia mama. "Ulioharibika nitautupa. Mwingine ni mzuri."

"Weka chini."

"Mama, huu ni mtama wa baba."

"Najua ni wa nani. Utawanywesha watu ukungu, halafu waugue kwenye matanga ya mume wangu? Wewe ndiye unayefanya kazi hospitali."

Nilikwenda kuumwaga kwenye shimo la taka, nikalia huku mvua ikininyeshea. Nililia kwa ajili ya baba, lakini pia kwa hasira ya siku zile zote nilizoinama. Kuni zilikuwa zimeisha, mgongo unauma, ruhusa imekwenda nusu, na mkononi sina kitu. Mapishi yenyewe yanahitaji karibu wiki. Hapakuwa na muda wa kuotesha nusu iliyobaki.

Asubuhi nilimwambia mama kwamba nitanunua kimea. Akasema, "Basi itakuwa pombe ya mtu mwingine."

Sokoni Ngara nilikuta unga wa kimea tu, na mama alikuwa amenifundisha kutouamini: ukishasagwa, nani atajua umechanganywa na nini? Nikapanda basi hadi Nyakanazi. Nyuma ya vibanda vya chakula nilimpata mama mmoja mtu mzima mwenye magunia matatu ya mtama ulioota.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka uliosagwa?"

"Nataka wenye mizizi, niuone."

Alicheka, akafungua gunia. Nilitafuna. Ulikuwa mkavu, unavunjika vizuri, mtamu kuliko wangu ulivyokuwa. Nilimuuliza anaukaushaje msimu huu wa mvua. Akasema ana banda la bati na matundu ya upepo, na hiyo ndiyo kazi yake kila siku, hana shamba. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya mtama wa kawaida. Sikubishana. Siku chache tu zilizopita ningemwona mwizi.

Nilipofika nyumbani mama aliutafuna naye, muda mrefu, akiangalia ukuta. Nilingoja aukatae. Badala yake akauliza, "Ule mtama wa baba yako uliobaki bado ni mzima?"

"Mzima."

"Kasage. Uji tutapika wa kwake. Kimea kazi yake ni kuutia utamu na kuuchachusha."

Sikuwa nimewaza hivyo. Nilidhani ni ama hiki ama kile. Tulipika uji mzito wa mtama wa baba, tukauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia, nikatia kimea cha Nyakanazi tulichokisaga. Mama alishika mwiko pamoja nami, mkono wake juu ya wangu, bila nguvu. Uji ulilegea taratibu mbele ya macho yetu, ukawa mwepesi na mtamu.

Siku ya shughuli watu walikunywa na kusifu. Baba mdogo, ambaye hafichi kitu, aliniambia pombe ni nzuri ila haina ule ukali wa pombe ya mama. Ni kweli. Kimea cha mama kilikuwa na harufu ya moshi na ya majani ya mgomba, na sijawahi kuipata kwenye gunia la mtu yeyote.

Siku hizi nikipika kwa ajili ya Krismasi nanunua. Napata siku za kukaa na wanangu, na pombe haiharibiki. Kuotesha nimejaribu mara moja tu baada ya hapo, wakati wa kiangazi, na kimea kilitoka vizuri. Nilimpelekea mama kidogo kwenye bakuli. Alitafuna, akasema nimechelewa kukianika kwa siku moja.