Dakika Sita Zilizokatwa

Katika grupu letu la wapenzi wa sinema za kutisha, hakuna anayenishinda kwa ile filamu ya kitu kinachoishi darini. Hawa wa juzi wanaiona kwa simu huku wakila chipsi. Mimi niliiona mara kumi na moja katika kibanda cha video pale Mumbuni, Jumamosi mchana, tumebanana kwenye mabenchi hadi jasho la jirani linakuwa lako. Kanda yetu ilikuwa imerekodiwa kutoka kwa televisheni. Inaisha nyanya mwenye nyumba akilia mlangoni, wapangaji wake wote wameliwa, na sisi tunamlilia.

Wakati huo nilikuwa nikijifunza useremala. Niliyefanya kazi naye bega kwa bega alikuwa mtu wa Ekalakala, mpole, rafiki yangu wa kweli. Siku moja akarudi kutoka Kithimani macho yamemtoka.

"Nimeiona yote!" akasema. "Haiishii pale. Nyanya anapanguza machozi, anachukua ngazi, anapanda darini na sahani ya nyama. Ni yeye anakilisha!"

Karakana nzima ikanigeukia mimi, mtaalamu. Ningesema nini? Kwamba kuna kipande sijawahi kukiona? Thubutu!

"Wewe umeiona mara moja, mimi kumi na moja," nikamwambia. "Wacha kutuongezea chumvi, bwana. Hiyo ni nyongeza yako."

Watu wakashika mbavu. Tangu siku hiyo jina lake likawa Nyongeza. Akisema mvua imenyesha kwao, mtu anauliza, "Na nyongeza je?" Mimi ndiye niliyekuwa nikicheka kuliko wote.

Halafu randa ya fundi, mwenye karakana, ikapotea. Rafiki yangu akasema amemwona shemeji ya fundi akiitia kwenye gunia. Mtu mmoja akasema, "Aiya, Nyongeza!" na kila mtu akaangua kicheko. Fundi hakucheka. Alisema mwongo huyo ndiye mwizi, akamfukuza papo hapo. Rafiki yangu aliniangalia. Nilijua vizuri kwamba hajawahi kuiba hata msumari. Nikainama, nikaendelea kupiga msasa.

Sasa majuzi mwanachama mmoja akatutumia toleo refu, lile ambalo watu wa televisheni hawakuligusa. Nililitazama jikoni, chai ikapoa. Nyanya akapanguza machozi. Akachukua ngazi. Kwenye sahani kulikuwa na nyama. Nilijichukia siku hiyo, nasema wazi, nilijichukia hadi nikaona haya kumtazama mke wangu.

Na nikafanya nini? Nikaandika. Nikawaeleza wanagrupu kwamba zile dakika sita ndizo roho ya filamu, na kwamba toleo fupi limetufanya miaka yote tumhurumie muuaji. Sifa zikamiminika. Wengine waliomba niandike zaidi, nikaandika zaidi. Ilipita wiki nzima ndipo nikafunga safari ya Ekalakala.

Nilimkuta sokoni akiuza maharagwe, mvi zimemjaa. Sikungoja kukaribishwa. Nikamwambia hapo hapo nimesimama: ulisema kweli, na mimi ndiye niliyekuharibia jina, hata siku ile ya randa nilijua na nikanyamaza. Nisamehe, ndugu yangu.

Alimaliza kwanza kumpimia mteja. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Binti yangu ako kwa hiyo grupu yenu," akasema. "Anajua wewe ni nani, nilimwambia kitambo. Alinisomea hiyo maneno yako yote. Umeandika vizuri, mpaka nikaona nyanya akipanda ile ngazi tena. Alipomaliza nikamwambia arudie, nikidhani ameruka mahali umenitaja."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wanangoja maharagwe, nikawapisha.