Siku Walipolegeza Kamba za Daraja

Juzi nilipita kwenye gereji moja pale Chuno, harufu ya grisi iliyopashwa moto na jua ikanivaa, nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo harufu aliyokuwa nayo baba mwaka ule alipoacha winchi za bandarini akaenda kujenga daraja la chuma, huko bara, kwenye korongo la mto unaoteremkia Ruvuma. Likizo ilipofika, mama alifunga nyumba yetu ya Mtawanya tukamfuata. Akawa anawakaangia mafundi mihogo.

Daraja lilikuwa la upinde: nusu huku, nusu ng'ambo, zimejinyoosha hewani juu ya shimo nililolichungulia nimelala kifudifudi. Kila nusu ilivutwa nyuma kwa kamba nene za chuma zilizofungwa miambani. Mimi nilijua kamba hizo ndizo zinazolishika daraja, basi. Asubuhi moja, chuma kikiwa bado kina ubaridi, maana jua likikipata hutanuka, waliteremsha kipande cha katikati. Kiliingia taratibu, kikakaa. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka.

Ndipo msimamizi akapaza sauti: "Haya, legezeni kamba!"

Baba alikuwa juu, katikati kabisa, akikagua bolti. Nilimkimbilia mama. "Mama, wanamwangusha baba!"

Mama alikuwa ameligeuzia korongo mgongo. "Mihogo inaungua, Rehema. Niletee sahani," alisema, wala hakugeuka.

Nilimchukia. Kamba zikalegea, zikaning'inia kama za kuanikia nguo. Upinde ukatoa mlio mzito niliousikia hadi nyayoni, ukashuka kidogo, ukatulia. Chuma chote kile, na baba yangu juu yake, na hakuna kilichokishika! Nilisahau hata kulia.

"Limesimama?" mama aliuliza, bado amegeukia karai.

"Limesimama," nikamjibu kwa kiburi.

Jioni baba aliweka viganja vyake kwenye vyangu. "Nisukume, nami nikusukume. Mmoja akiacha, tunaanguka wote. Zile nusu mbili ndivyo zinavyosimama, Rehema."

Hilo la daraja nililielewa pale pale. La mama lilichukua miaka, mpaka siku mwanangu alipoingizwa chumba cha upasuaji. Niliupa mlango mgongo, nikawa namfokea mdogo wangu aniletee maji, na kiu sina.