Niliuchimbua Mchanga Wote kwa Siku Moja

Sogea karibu, wewe unayesoma, maana hili sijamwambia hata mchungaji wangu. Nilikosa. Niliwaua samaki wa baba mkwe wangu kwa usafi. Ndiyo, kwa usafi!

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mume wangu alikuwa bwana samaki, akapelekwa Muleba kuwafundisha wanakijiji kuchimba mabwawa. Mimi nikabaki nyumbani kwao Ijuganyondo na baba yake, mzee aliyepooza miguu. Kabla ya kuondoka, mume wangu alitengeneza tangi la vioo, akatandika mchanga chini, akajaza maji ya ziwa na kutia konokono wachache na furu, wale samaki wadogo. Akaliweka mbele ya kitanda cha mzee.

Unajua kwetu mke wa mtoto hazoeani na baba mkwe. Unapeleka chakula, unapiga magoti, unaondoka. Lakini wale samaki, waitu, walitufungua midomo!

Furu jike hubeba mayai yake mdomoni, kisha watoto, mpaka wajiweze. Muda wote huo hali kitu. Mzee alikuwa na mmoja wake aliyevimba kidevu.

"Njoo uone!" ananiita. "Bado amefunga. Ninyi Walutheri mngeweza?"

"Huyu ni wetu, tata," namjibu, maana kwetu baba ni tata. "Angekuwa Mkatoliki, kila Ijumaa angekula samaki."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema taratibu, "Nikiwaona hawa watoto wakitoka, nitakuwa na nguvu ya kuwasubiri wako." Nilikuwa bado sijazaa. Hakuna aliyewahi kunitamkia jambo hilo kwa upole namna ile.

Basi habari ikaja kwamba mama yangu anakuja kunitembelea, mara ya kwanza tangu niolewe. Loo, sikukalika! Naingia, natoka, nafagia palipokwisha kufagiwa. Kwetu sakafu hutandikwa nyasi, na mgeni wa heshima hatandikiwi mpya juu ya kuukuu. Unazikusanya zote zilizochakaa, unazitupa, unatandaza mbichi nyumba nzima. Nikafanya hivyo. Nikageuka, nikaona tangi. Mchanga ulikuwa na mabaka meusi kwenye kioo. Aibu! Mama atasema nimelala na uchafu ndani.

Mume wangu alikuwa amenionya. "Konokono wanatosha kuuchimba. Wewe uchokoe kwa kijiti, pembe moja tu, wiki nyingine pembe nyingine. Usiuguse wote!" Nilimsikia. Lakini kichwani mwangu mchanga ulikuwa nyasi za samaki, na nyasi hutolewa zote.

"Mwache, ana watoto mdomoni," mzee akasema aliponiona na ndoo.

"Kidogo tu, tata."

Uongo! Nikazamisha mikono mpaka kwenye viwiko, nikaanza kuzoa.

Ngoja nikueleze kilichotokea, ukielewa hutarudia kosa langu. Chakula kinachobaki huzama mchangani. Juu, penye hewa, vijidudu visivyoonekana hukila na kuyaweka maji safi. Chini, hewa isikofika, uchafu huoza na kutoa hewa yenye sumu. Ikitoka kidogo kidogo, haidhuru. Mimi niliifumua yote kwa mara moja.

Tope jeusi likapanda. Harufu ya mayai viza ikajaa chumba. Furu wakakimbilia juu, midomo nje, wanatweta. Na yule jike akafungua mdomo.

Mzee aliwaona, jamani! Watoto wadogo kama punje za ulezi, wakitawanyika katika lile tope. Aliwaona kwa pumzi moja tu. Nilikimbia kisimani na kurudi na maji, na hakuna aliyekuwa akitikisika.

Mama alipofika alisifu nyumba. "Inanukia nyasi mbichi!" Mzee akamjibu kwa adabu, "Ndiyo. Binti yako ni msafi."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza! Nilipomwambia mwanawe ataleta samaki wengine, alisema, "Asisumbuke." Waliletwa, naye akaomba kitanda kigeuzwe. Tangu siku ile nilileta chakula, nikapiga magoti, nikaondoka. Nilipopata mimba hakuuliza lolote. Alifariki kabla sijajifungua, na mpaka leo nikikaa nyumba ikiwa safi sana, natafuta cha kushika, miguu haitulii.

Usikate tamaa kwa kosa langu. Tangi ni jambo jema, na mzee au mgonjwa hulifurahia kuliko unavyodhani. Ila wageni wasikukimbize. Ukiona mchanga umeanza kuwa mweusi, usiuzoe samaki wakiwa ndani. Punguza chakula, toa maji kiasi na uweke mengine safi, kisha chukua kijiti chembamba, uchokoe pembe moja tu taratibu, na uache pembe nyingine mpaka wiki ijayo.