Kiti cha Kando ya Piano

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Chuoni, kuanzia wapishi wa bwalo hadi wakubwa wa utawala, wote walimwita Fasola, na ukimwita vinginevyo hageuki. Mchana alikuwa mtunza stoo. Sabuni, balbu, chaki, kufuli za mabweni, magodoro ya wanafunzi wapya, vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna aliyetoka stoo na kitu bila kuulizwa anakipeleka wapi. Jioni, akishafunga mlango wa chuma na kunawa vumbi, alikwenda kanisani kufundisha kwaya ya wafanyakazi. Huko ndiko alikokuwa yeye hasa.

Kwaya yake iliimba kwa nota za herufi. Fasola aliandika ubaoni do, re, mi, soprano juu, besi chini, na nukta na vistari vya kuonyesha mapigo. Kisha aliimba sauti ya kwanza, akanyanyua mkono, na wapishi, madereva, wahasibu na wafagiaji wakaingia pamoja kama mlango unaofunguka. Nota hizo alifundishwa na mwinjilisti mmoja alipokuwa kijana, na alizijua barabara. Zile nyingine, nota za mistari, vidoa vyeusi vyenye mikia vilivyoning'inia kwenye mistari mitano, hakuwahi kujifunza. Hakuna aliyewahi kumwuliza, naye hakuona sababu ya kulitangaza jambo hilo.

Aliyekuja kumwuliza ni Dokta, mwalimu wa piano katika idara ya muziki, ambaye pia alipiga kinanda cha kanisa ibadani. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye mwendo wa haraka kama mtu aliyeacha jiko linawaka. Aliingia kanisani kwaya ilipokuwa inamaliza mazoezi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Dokta. Karibu."

"Nimekwama. Kesho jioni tuna muziki hapa kanisani, mimi na wenzangu wawili wa fidla na sello. Anayenifunulia kurasa ameugua. Mikono yangu yote miwili iko kazini, siwezi kufunua mwenyewe. Wewe unasoma nota, si ndiyo?"

Kabla Fasola hajajibu, dereva wa basi la chuo alidakia. Huyu aliimba besi, na kwa sauti yake nzito walimwita Ngurumo. "Huyu? Huyu hasomi nota, Dokta, anazitafuna! Hata usingizini anaota nota!"

Wanakwaya walicheka. Fasola alikuwa na jibu mdomoni, fupi tu: zangu ni za herufi, Dokta, hizo zako sizijui. Lakini watu wake walikuwa wamesimama na mikoba begani, wanamtazama kwa fahari. Mpishi mkuu, mama mtu mzima aliyeongoza alto, alitabasamu kana kwamba mwanawe wa kumzaa amechaguliwa.

"Nota ndiyo kazi yangu," alisema Fasola.

Halikuwa neno la uongo. Ndiyo maana lilitoka laini hivyo.

"Umeniokoa," alisema Dokta. "Na usiwe na wasiwasi. Nikikaribia mwisho wa ukurasa nitakutikisia kichwa."

Fasola akashusha pumzi. Kama ni kutikisiwa kichwa, alijiambia, hata mtoto angeweza.

Nyumbani mkewe, muuguzi wa zahanati ya chuo, alimpigia pasi koti la harusi za watu. Kisha akamwuliza huku akipuliza kola, "Kwa hiyo kazi yako ni kufunua kurasa tu?"

"Tu? Mama watoto, pale ukikosea muziki wote unakufa."

"Haya, bwana mkubwa. Basi kata na kucha."

Kesho yake jioni kanisa lilijaa. Wahadhiri walikaa mbele na wake zao na waume zao, wanafunzi wakabanana nyuma, na kwaya ya wafanyakazi ikachukua safu nzima upande wa kulia, wote wamevaa kama wa siku ya Pasaka. Mchungaji wa chuo aliomba kwa ufupi, jambo lililowashangaza wengi. Kisha wapigaji watatu wakaingia, Fasola nyuma yao ndani ya koti lake, akaketi kwenye kiti kidogo kushoto kwa Dokta. Kutoka pale aliona kila mtu, na kila mtu alimwona.

Muziki wa kwanza ulikwenda vizuri. Ulikuwa wa kasi, fidla na piano zikifukuzana kama watoto uwanjani, na sello, ile fidla kubwa inayoshikwa katikati ya magoti, ikizifokea kwa sauti nene. Dokta alitazama karatasi mbele yake bila kupepesa. Kila ukurasa ulipokwisha alitikisa kichwa mara moja, kwa nguvu, kama anayekubali deni. Fasola alisimama, akashika pembe ya juu, akafunua, akaketi. Baada ya mara chache kichwa kilianza kuvimba. Alianza kufuata vile vidoa kwa macho, kushoto kwenda kulia, kama msomaji. Alikunja uso mahali palipoonekana pagumu. Safari moja alifunua kwa madaha, mkono ukaelea hewani kidogo kabla ya kushuka, na Ngurumo akamwinulia dole gumba kutoka safu yao. Watu walipopiga makofi, Fasola aliona kwamba sehemu ya makofi yale ilikuwa yake.

Muziki wa pili ulianza taratibu. Fidla ilishika sauti moja ndefu, nyembamba, na sello ikaingia chini yake kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mgonjwa. Dokta alifumba macho. Alikuwa mtu mwingine sasa, mabega yamelegea, uso umeinama juu ya vibonye vya piano. Sauti ilipopanda akanyanyua kichwa, na iliposhuka akakiteremsha polepole, kwa uzito.

Fasola akasimama akafunua ukurasa.

Dokta alifumbua macho akakuta karatasi asiyoitarajia. Mkono wake wa kushoto uliruka kutoka kwenye vibonye kuurudisha ukurasa, na Fasola, akitaka kusaidia, naye aliurudisha. Kurasa mbili zikarudi pamoja. Dokta akazipeleka mbele, Fasola akazishika, na kitabu kizima kikateleza, kikaangukia vibonye kwa kishindo cha sauti zisizopatana, kisha kikaanguka sakafuni.

Sello ilinyamaza. Fidla ikanyamaza. Kanisa zima lilikuwa kimya, kimya cha watu wanaojitahidi wasionekane wanatazama. Mwanafunzi mmoja nyuma alicheka kwa pua, akafinywa.

Fasola aliinama akaokota kitabu. Alikirudisha mahali pake. Kilikuwa juu chini. Dokta alikigeuza mwenyewe, akatafuta mahali, na bila kumtazama akamnong'oneza, "Usiguse. Nitafunua mwenyewe."

Wakaanza upya tangu mwanzo.

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyommaliza. Hakuweza kutoka, kwa kuwa njia ilipita mbele ya mpiga fidla. Basi alikaa. Alikaa kwenye kiti cha mfunua kurasa, mikono juu ya magoti, kama mshtakiwa anayengoja hukumu, na kila Dokta alipofika mwisho wa ukurasa aliacha vibonye kwa mkono mmoja, akafunua haraka, akarudi. Mara moja alichelewa, na sauti moja ya piano ikakosekana kabisa. Fasola aliisikia ilivyokosekana. Sikio lake lilikuwa zima. Alisikia uzuri wote wa muziki ule akiwa ameukalia kama mtu aliyekalia mwiba, akitamani ardhi ipasuke immeze na koti lake.

Alijaribu kutotazama safu ya kwaya, akaitazama. Mpishi mkuu alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesali. Ngurumo alikuwa amekunja mikono. Mkewe tu ndiye aliyemtazama wazi, kwa uso ule aliowatazamia wagonjwa wakati wa kuchomwa sindano.

Muziki ulipokwisha, watu walisimama wakapiga makofi mengi, mengi kupita kiasi. Wapigaji waliinamia watu, kisha Dokta akageuka akamwashiria Fasola kwa mkono kwamba naye asimame ashukuriwe. Fasola alidhani anafukuzwa. Alitoka kwa mlango wa pembeni, na makofi yakimfuata.

Mkewe alimkuta nyumbani amekaa, koti bado mwilini.

"Pole, mume wangu."

"Pole ya nini? Si yeye aliyetikisa kichwa? Mimi nilifunua alipotikisa."

Maneno yale yalimfariji, kwa hiyo siku ya mazoezi aliyarudia mbele ya kwaya. Akaongeza chumvi kidogo: kwamba ukurasa kweli ulikuwa umekwisha, kwamba Dokta ndiye aliyepotea, kwamba yeye amenyamaza kwa heshima tu. Kwaya ilikuwa inasubiri kitu kama hicho. Watu wale walikuwa wamefedheheka pamoja naye, na sasa wakapata pa kuutua mzigo.

"Nilijua!" alinguruma Ngurumo. "Wanatudharau hawa. Mtu kakosea yeye, kamwangushia mtunza stoo!"

Fasola angeweza kumzuia. Alifuta ubao badala yake.

Neno likatembea. Likapita jikoni, likapanda basi la chuo, likaingia ofisi za wahasibu. Jumapili Dokta alipoketi kwenye kinanda cha kanisa kuwapigia wimbo, kwaya iliimba kwa kukokota, nyuso zimenuna, na ibada ilipokwisha hakuna aliyemsalimu. Ngurumo alikwenda mbali zaidi. Alimfuata Mchungaji ofisini akamwambia kwamba wafanyakazi wameonewa mbele ya wageni.

Siku iliyofuata, Fasola akiwa anapanga maboksi ya balbu, kivuli kilisimama mlangoni mwa stoo. Alikuwa Dokta.

"Mwalimu, sitakuchelewesha. Nimeambiwa nilikupa ishara vibaya siku ile." Alisimama vidole vikisokota kamba ya mkoba. "Nimefikiri, na ni kweli. Nikipiga muziki wa taratibu kichwa changu hakitulii, hata mwalimu wangu alikuwa ananigombeza. Halafu nikakuambia 'usiguse' mbele za watu. Nisamehe sana."

Fasola alikuwa ameshika boksi kifuani. Huu ulikuwa mlango mpana kabisa, wazi, na mtu amesimama anaushikilia.

"Aa, Dokta," alisema. "Yameshaisha. Ni mambo ya kawaida."

Dokta akashukuru, akaondoka na mwendo wake wa haraka. Fasola alibaki na boksi lake. Fedheha ya kanisani ilikuwa ya ngozi, ya kutazamwa. Hii ilikuwa chini zaidi, na haikuwa na shahidi. Alitafuta mahali pa kuliweka boksi akawa haoni, stoo ile ile aliyoijua gizani.

Jioni alimsimulia mkewe, akijaribu kulitia jambo wepesi: Dokta kaja mwenyewe, kaomba radhi, mambo yameisha. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Akauliza, bila ubaya wowote, "Lakini nimekuwa nikijiuliza. Hata kama alitikisa kichwa, wewe si ulikuwa unaona nota zilipofika?"

Fasola aliokota soksi iliyoanguka, akaikunja.

"Baba watoto?"

"Sizijui," alisema.

"Huzijui nini?"

"Nota zile. Za mistari. Sijui hata moja."

Mkewe aliacha kukunja. "Na yeye leo amekuja kukuomba radhi."

"Amekuja."

"Ukapokea."

"Nikapokea."

Mkewe hakufoka, wala hakucheka. Alichukua shati lake Fasola, akalitazama, akalirudisha kwenye lundo bila kulikunja. Fasola angependelea afoke.

Kesho yake hakufungua stoo kwanza. Alikwenda idara ya muziki na kumkuta Dokta anakunywa chai kando ya piano ya mazoezi, iliyopakwa rangi upya mahali mahali. Hakukaa alipokaribishwa.

"Dokta, mimi sisomi nota za mistari. Nasoma za herufi tu. Uliponiuliza nilijua unauliza zipi. Na ukurasa haukuwa umekwisha, au kama ulikuwa umekwisha nisingejua. Na maneno yaliyokufikia yalitoka kwangu."

Dokta aliweka kikombe chini. "Yote?"

"Yote."

"Ungeniambia siku ile, ningekunong'oneza kila ukurasa unapokwisha. Lingekuwa jambo dogo." Alitazama dirishani. "Lakini Jumapili, Mwalimu. Nilikwenda nyumbani nikajiuliza nimewakosea nini watu wale. Na mimi ndiye niliyekuja stoo."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe," alisema Dokta. "Si leo. Leo bado nimekasirika. Kawaambie wenzako."

Aliwaambia jioni ile ile. Alisimama mbele ya ubao, kwaya imekaa, akasema yale yale aliyomwambia Dokta, kwa mpangilio ule ule ili asiruke kitu. Mpishi mkuu alifunika mdomo. Mhasibu mmoja aliyeimba sauti ya tenor aliuliza kama bado wataimba Jumapili, akanyamazishwa. Ngurumo alisimama.

"Mimi nimekwenda kwa Mchungaji kwa ajili yako," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimemgombania mtu asiye na kosa. Kwa ajili yako."

"Najua, ndugu yangu."

"Ndugu yako!" Alichukua kofia yake akatoka.

Waliobaki walingoja. Mpishi mkuu ndiye aliyesema. "Haya, Mwalimu. Uchungu umeutoa. Andika wimbo basi, watu wana watoto nyumbani." Fasola aliandika. Chaki ilivunjika mara mbili.

Dokta alimsamehe baadaye, kwa namna yake. Alianza tena kumsalimu njiani, akaendelea kuipigia kwaya kinanda, na Mchungaji akaambiwa ukweli na Fasola mwenyewe. Ngurumo hakurudi hadi mvua zilipoanza. Aliporudi alikaa mwisho wa safu ya besi, akaimba vizuri kama zamani, ila hakumtania tena Fasola mbele za watu. Fasola aliukosa utani ule kuliko alivyowahi kufikiri. Na kila palipokuwa na jioni ya muziki wa ala, mkewe alikwenda na wenzake wa zahanati, akarudi akimsimulia waliyoyasikia. Fasola alimsikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mazuri, na kila alipoambiwa safari ijayo twende wote, alisema ataona.