Haruna na Kibodi ya Kinyumenyume

Ukimuuliza Haruna, fundi redio wa Mchafukoge, atakwambia hakuna kitu chenye waya kilichowahi kumshinda mjini hapa. Usimuulize habari ya feni ya msikitini, ambayo mkewe mpaka leo anaamini aliiweza. Shule aliishia darasa la saba, tena mengi aliyasikilizia dirishani, lakini meza yake chini ya ngazi haikauki wateja, na mdomo wake haukauki sifa.

Ndiyo maana shemeji yake Siwema, mdogo wa mkewe, alipokuja kulia shida, Haruna alijibu kabla hajaombwa. Siwema anachapa barua kwenye steshenari ya Mangi Elisaria, mtaa wa pili. Alianguka na bodaboda Buguruni, na vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati, vikabaki vikavu kama vijiti. Elisaria kampa mpaka Jumamosi: ukurasa mmoja kwa robo saa, la sivyo kiti anakikalia Jovitha, mpwa wake aliyeshuka juzi kutoka Moshi.

"Nakutengenezea kibodi yako mwenyewe," Haruna alisema, hadi ng'ambo ya barabara wakasikia. "Vitufe laini, ukivipulizia tu vinaandika!"

Akanunua Kariakoo kibao kidogo cha chipu, ukubwa wa biskuti, kimeshatiwa programu. Huo ndio ubongo. Mchoro wa nyaya alipewa bure, akafungia karanga. Saketi aliichora mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito juu ya bodi ya shaba, akaichovya kwenye tindikali, akatoboa, akachomea risasi. Kazi safi, haki yake apewe. Ila fundi redio wa miaka thelathini amezoea kuzitazama bodi zikiwa zimelala kifudifudi, maana tumboni ndiko zinakochomewa. Haruna akazihesabu safu za vitufe kutoka kushoto, hukohuko tumboni. Alipoigeuza ikae sawa, safu ya kwanza ikawa ya mwisho.

Jumatatu Siwema akachapa jina lake mbele ya watu. Kwenye kioo cha kompyuta pakatokea: leoiv;

"Huyu nani, shemeji?"

Wauza soksi wa pembeni wakashika mbavu. Haruna angeweza kusema nimekosea, nipe siku moja. Angeweza.

"Nimekusudia," akasema. "Ya kisasa hiyo. Kushoto kumehamia kulia. Mikono yako ndiyo imechelewa."

"Mikono yangu? Jumamosi iko hapo, Haruna!" Hata ushemeji aliusahau. Akaikwapua kibodi, akaondoka nayo.

Wiki nzima Haruna alisifu kazi yake kwa wateja, lakini chai yake ilipoa mezani bila kunyweka. Jumamosi akatia pasi yake ya kuchomea risasi kwenye mfuko wa sembe, akaenda kumwomba Elisaria dakika kumi za kugeuza nyaya.

"Mangi, kabla hamjaanza..."

"Shh!" Elisaria akamkatiza. Siwema alishaanza.

Mkono wa kushoto, baada ya siku tano za mazoezi, ulikuwa unakimbia. I, u, k, n, m, zile herufi ambazo Kiswahili kinazila kama ugali, zamani zilikuwa mzigo wa vile vidole viwili vikavu. Sasa zimehamia kwenye mkono mzima. Vilivyokufa vimepumzika, visivyo na ugonjwa vinachapa. Dakika kumi na tatu. Elisaria akaisoma barua mara mbili akitafuta kosa, akalikosa.

"Na mimi nijaribu," akasema Jovitha. Akaandika kwao, Moshi. Ikatoka vwlge.

"Mpwa wangu," Elisaria akasema, "huko ndiko ulikotoka?"

Kiti kikabaki kwa mwenyewe. Haruna akatanua kifua, akawageukia wateja wa fotokopi. "Si nilisema nimekusudia?"

Siwema akautazama mfuko wa sembe. Waya ulikuwa unachungulia.

"Na hiyo pasi umeileta ya nini, shemeji?"

"Nikague tu, pengine kuna mahali pamelegea."

"Ukiigusa kibodi yangu, naenda kumwambia dada habari yote ya feni."

Haruna akausukuma waya ndani, akaaga.