Hoteli Isiyo na Kofuli

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya spaza moja, duka dogo la mtaani, hapa La Rochelle, Johannesburg, nikisubiri mkate. Mbele yangu alisimama dada Mkenya, mfanyakazi wa benki, aliyetoka likizo Ulaya ya kaskazini kabisa. Alikuwa amepenyeza simu katikati ya nondo za dirisha, akimwonyesha picha mwenye duka, mama mmoja Mrundi.

"Mama, hii ni hoteli. Ukuta ni barafu, kitanda ni barafu, hata glasi ni barafu."

"Eish! Na watu wanalala humo?"

"Tulilala. Unavaa kofia na soksi, unaingia ndani ya mfuko wa kulalia."

Mama akaivuta simu karibu, akaikuza picha kwa vidole viwili. Barafu haikumshughulisha.

"Mlango ya chumba iko wapi?"

"Haupo. Wametundika ngozi ya mnyama tu."

"Hata kofuli hakuna?"

"Hakuna, mama."

"Na usingizi ulipata?"

Dada akafikiri kidogo. "Unajua, nililala fofofo."

Mama akairudisha simu kupitia kwenye nondo, polepole, kama anayerudisha mtoto wa watu.

"Basi hiyo baridi ningeiweza," akasema. "Nani anafuata?"

Sisi wa Johannesburg tunapenda kulisifia jua letu. Nilifika nyumbani na mkate wangu, nikafunga geti, nikafunga mlango wa chuma, nikafunga na ule wa mbao. Ndipo nikaona saa ukutani: ilikuwa saa nne asubuhi.